Sauti ya Kipimo

1

Mwalimu Msengi aliniita shuleni mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na safari hii hakunikaribisha kiti. Alisimama mlangoni mwa darasa la kwanza, mikono nyuma, akaniambia kwa upole wa mtu aliyekwisha kuchoka, "Mama Tirza, leo sitaki tubishane. Leo utaona mwenyewe."

Mwanangu alikuwa amekaa peke yake kwenye dawati la mwisho, chini ya dirisha linalotazama vilima vya mitambo ya upepo. Wenzake arobaini walikuwa wakisoma kwa sauti, kila mmoja na lake, huku feni ya darini ikikwaruza. Mwalimu akamwendea, akainama kidogo, akamwambia, "Tirza, chukua daftari lako la kijani, umpelekee Yunisi." Alisema vizuri tu, wala hakufoka. Tirza akamtazama mdomo, akamtazama mikono, akatabasamu, akabaki amekaa.

"Haya, mwambie wewe," Mwalimu akanigeukia.

Nikarudia maneno yale yale, nikiwa pale pale mlangoni, bila kupaza sauti. Tirza akainuka papo hapo, akachukua daftari la kijani, akampelekea Yunisi.

"Umeona?" akasema Mwalimu. "Masikio anayo. Anachagua tu nani wa kumsikiliza. Huyu mtoto ana dharau, mama, na sijui kaitoa wapi."

Ningependa kusema kwamba nilishtuka. Ukweli ni kwamba nilikasirika. Nilimkumbusha kuwa mimi ndiye mpimaji mkuu wa Kituo cha Usikivu cha mkoa mzima wa Singida. Nilimwambia kuwa Tirza alivalishwa kofia ya Kipimo alipotimiza miaka mitano, kama sheria inavyotaka, akapata tisini na nane kwa mia. Nikaongeza kwamba labda tatizo ni mwalimu mwenye watoto arobaini na feni mbovu. Akanisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu mstaarabu kuliko mimi.

"Sawa," akasema. "Masikio mazima, akili anayo, ila mimi hanitaki. Sasa kwenye ripoti nimwandikeje?"

Nikamchukua mwanangu nikaondoka naye. Njiani tulipita kwa mama mmoja anayekaanga mbegu za alizeti, jirani yetu wa miaka mingi. "Tirza, hujambo?" akaita. Tirza akanitazama mimi. "Msalimie mama," nikamwambia, naye akasalimia kwa adabu zote. Hatua chache mbele nikasimama katikati ya barabara, pikipiki ikanipigia honi. Nilikuwa najiuliza ni mara ngapi nimesema "msalimie" katika maisha ya mtoto huyu, na kama kuna hata siku moja aliyowahi kusalimia kabla sijasema.

2

Fundi wetu wa mitambo, Yusto Kiula, alikuwa anakula viazi vyake vya mchana juu ya meza ya kazi, kitu ambacho nimemkataza mara mia.

"Dada Elifrida! Leo umetuletea mgeni?"

"Mvalishe kofia."

"Huyu? Si alishapimwa?"

"Yusto, mvalishe kofia."

Kofia ya Kipimo ni utando mwembamba wenye nukta mia mbili na kumi. Mtoto habonyezi kitu, hajibu kitu. Anakaa na kusikiliza sentensi zilizochanganywa na kelele za kawaida: mvua juu ya bati, soko, darasa lenye watoto wengi. Nukta zinaifuata sauti tangu inapotoka sikioni hadi inapogeuka kuwa maana ndani ya ubongo. Watoto tunaowatafuta masikio yao ni mazima, hata mbu akipita wanamsikia. Kinachokwama ni safari ya baada ya hapo. Ubongo unashindwa kuchambua maneno kutoka kwenye kelele, kama mtu anayepepeta mchele gizani. Maana ikifika, skrini inawaka kijani. Isipofika, inabaki kijivu. Kwa miaka kumi na moja tumekuwa tukiwaambia wazazi kwamba kofia hii haidanganyiki.

Na sauti inayosema sentensi hizo, kuanzia Bukoba hadi Mtwara, ni yangu. Mamlaka ya Usikivu ilinichagua nikiwa na miaka ishirini na saba kwa sababu, walisema, Kiswahili changu hakina kwao. Nilijivuna mwaka mzima. Mama yangu aliwatangazia waumini wote kanisani.

"Niweke sauti yako?" Yusto akauliza.

"Hapana. Soma wewe."

"Mimi? Mimi nina mafua, dada."

"Soma hivyo hivyo na mafua yako."

Akajifuta mikono, akasoma. Sentensi ya kwanza, kijivu. Ya pili, kijivu. Ya nane ilimulika kidogo pembeni ikazimika. Tirza alikaa ametulia akimtazama Yusto mdomoni, ametabasamu lile tabasamu ambalo nimekuwa nikiwaambia watu kuwa ni la upole. Kisha Yusto akaweka sauti yangu, sentensi zile zile, kelele ile ile. Skrini nzima ikawa kijani.

Yusto, aliyekuwa amerudia viazi vyake, aliacha kutafuna. "Dada, huyu anakuelewa wewe tu."

"Mimi ni mama yake. Sauti yangu lazima aizoee. Ni yeye peke yake."

"Tuseme ni yeye peke yake," akasema, kwa namna ya mtu asiyeamini anachosema, akafungua kumbukumbu za miaka yote. Miaka mitano ya kwanza ya Kipimo, watoto saba katika kila mia walikutwa na tatizo hili. Halafu sita. Halafu wanne. Mwaka jana, wawili. Namba hizo nilizijua kwa moyo. Mamlaka ilisema ni matunda ya chanjo, lishe na maji safi, tukaitwa Dodoma kushangilia. Mimi ndiye niliyekata keki. Nilikula vipande viwili.

"Bangili zilianza lini?" Yusto akauliza taratibu.

Nikakaa chini. Kila mama mjamzito huvalishwa bangili ya kliniki tangu mwezi wa tatu. Inamkumbusha: mama, leo ni siku ya kupima damu, mama, usisahau dawa ya kuongeza damu. Mtoto akizaliwa, inaning'inizwa kitandani kwake mpaka atimize miaka mitano. Bangili zilianza mwaka mmoja baada ya Kipimo, wakahitaji sauti, na sauti walikuwa nayo tayari. Walinipigia simu nikiwa saluni, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza swali.

Watoto wa nchi hii wamenisikia tangu tumboni. Mtoto asiyeweza kumwelewa mwalimu wake, mimi amenizoea miaka mitano mfululizo, kiasi kwamba kelele yoyote haimzuii. Halafu tunamvalisha kofia, tunampima kwa sauti yangu, tunamwambia mama yake: mwanao mzima kabisa, nenda nyumbani.

"Mama, tumemaliza?" Tirza akauliza.

"Tumemaliza," nikasema. Nikamvua kofia.

3

Daktari Ramla Athumani, mkuu wa Kituo, alitusikiliza mimi na Yusto bila kukatiza. Kisha akamwomba Yusto atupishe, akafunga mlango. Huyu ndiye aliyenishika mkono usiku mzima nilipokuwa nikijifungua Tirza, kwa hiyo nisiwadanganye kwamba alikuwa mtu mbaya.

"Tirza anatimiza saba lini?"

"Baada ya siku kumi na tisa."

 Sote wawili tulijua maana yake. Dawa ya tatizo hili ni mbegu, kidude kidogo kama punje ya ufuta kinachowekwa nyuma ya sikio, kinachoufundisha ubongo kwa wiki nane jinsi ya kuchambua maneno. Inafanya kazi vizuri mno. Ila ni kabla ya miaka saba. Baada ya hapo njia za ubongo zimekwisha kukomaa, mbegu haishiki. Waliojaribu waliambulia kizunguzungu na kutapika.

"Nina vitanda vitano vitupu wodini," akasema. "Jumatatu alale kimoja. Nitaandika kwamba kofia ilikuwa mbovu siku aliyopimwa. Kofia moja, mtoto mmoja."

"Daktari, vitanda ni vitupu kwa sababu hatuwaoni watoto wanaopaswa kulala humo."

"Najua kwa nini ni vitupu, Elifrida. Sasa nisikilize. Ukisema leo kwamba sauti ina kasoro, orodha ya nchi nzima inafungwa leo hii. Sheria unaijua. Hakuna mtoto atakayewekewa mbegu mkoani mpaka wote wapimwe upya, watoto wa wenye vyeo wasije wakawatangulia wasio na mtu. Kwa Singida peke yake ni wiki tano. Tirza atakuwa ameshapitwa."

"Na nikinyamaza?"

"Atibiwe wiki nane, mbegu itolewe, maana tukisema kabla ya hapo yake ndiyo itakayokaguliwa na kung'olewa kwanza. Kisha tuandike ripoti nzuri, kwa utulivu, mimi na wewe."

"Katika wiki hizo nane, wangapi watatimiza saba?"

 Yusto alikuwa amekwisha kuhesabu, tena kwa mkoa wetu tu, maana nchi nzima alishindwa kuimaliza. Watoto mia nne na sitini.

"Hao huwajui," Daktari akasema, kwa sauti ya chini. "Huyu unamjua."

Nikatoka. Nilizunguka jengo zima mara tatu bila kuwa na shida ya kwenda popote, mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

4

Obadia, mume wangu, anahudumia mitambo ya upepo kule vilimani, na hurudi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Siku ile nilikuwa namenya boga, mafuta yanachemka, redio inaongea. Akamgusa Tirza kichwani.

"Umeshindaje, binti?"

Tirza akanitazama.

"Baba anauliza umeshindaje."

"Mwambie nimeshinda vizuri."

"Kasema kashinda vizuri."

"Mwambie nimemletea karanga."

Nikaacha kumenya. Hivi ndivyo tulivyoishi miaka sita, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu hivi ndivyo nilivyolelewa mimi, na Obadia pia. Marehemu baba yangu hakuwahi kuniambia jambo uso kwa uso mpaka nilipoolewa. Ilikuwa "mwambie mwanao" na "mwambie baba yako," na mama katikati anapeleka na kurudisha. Kwetu tuliita heshima. Nikaihamishia nyumbani kwangu nzima nzima, mimi mtaalamu, na ndani yake mwanangu akajificha bila mwenyewe kujua kwamba amejificha.

Nikazima redio, nikazima jiko, nikamweleza Obadia yote. Alisikiliza akiwa amesimama, mfuko wa karanga mkononi. Swali lake la kwanza halikuwa la mbegu wala la kitanda.

"Kwa hiyo hanichukii?"

Nililia. Sikujua kwamba mume wangu alikuwa akilala na swali hilo kila usiku kando yangu.

Alipomaliza kunibembeleza akasema, "Basi Jumatatu tunampeleka."

"Baba Tirza, kuna wale mia nne na sitini."

"Wana baba zao."

"Baba zao hawajui."

"Mke wangu." Akaketi kwenye kigoda, akaweka karanga sakafuni. "Nimekaa miaka sita nikidhani mwanangu ananidharau. Sasa nimeambiwa inatibika, kitanda kipo, siku zipo. Halafu unaniomba nini? Hebu kiseme, nikisikie kinavyosikika."

Sikukisema. Nilideki jikoni, nikadeki tena. Nilikunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa. Kila nilipomwangalia Tirza nilikuwa tayari kuwaacha watoto wa dunia nzima. Nilipomwondolea macho tu, nilimwona baba mmoja asiye na jina amesimama jikoni kwake na mfuko wa karanga, akiamini kwamba mtoto hamtaki.

5

Kila Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa nikirekodi ujumbe wa bangili, ndani ya chumba kidogo cha Kituo kilichozungushiwa magodoro ukutani. Ijumaa ile karatasi yangu ilikuwa ya wiki ya chanjo. Ujumbe wangu haukaguliwi na mtu. Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kuona sababu.

Niliingia nikiwa nimejiapiza kwamba nitasoma chanjo tu. Barua kwa Mamlaka nilikuwa nayo mkobani, na nilijua fika ingelala mezani kwa Daktari hadi wiki nane ziishe. Jumatatu ilikuwa siku tatu mbele. Nilisoma tarehe za chanjo, nikasoma vituo vyote. Taa nyekundu iliendelea kuwaka, ikinisubiri niage kama kawaida. Nikalisikia tena lile swali la Obadia, kama mwanawe anamchukia, nikafikiri ni nyumba ngapi linaulizwa wakati huu, au haliulizwi kabisa, limemezwa tu. Mdomo wangu ukaendelea.

"Mama, baba, mimi naitwa Elifrida Ntandu. Sauti hii ndiyo iliyompima mwanenu, na imewadanganya. Mtoto anaweza kunielewa mimi na asimwelewe mtu mwingine. Leo jioni, washeni redio, kisha mtu mwingine amwambie jambo dogo bila kumwonyesha kwa mkono. Asipoelewa, hana dharau, wala si mkaidi. Mpelekeni akapimwe upya, kwa sauti isiyo yangu. Mwambieni na jirani ambaye bangili ya mwanawe ilishatolewa kitandani. Na mimi mnisamehe."

Nikabonyeza kutuma. Kisha nikaizima ile taa nyekundu, nikatoka.

Kufikia saa sita mchana orodha ilikuwa imefungwa. Kufikia saa nane kulikuwa na foleni ya akina mama hadi barabara kuu, na mmoja wao, mwanawe ana miaka minane, alinishika gauni akaniita muuaji.  Daktari Ramla alinipita ukumbini bila salamu. Nilisimamishwa kazi Jumanne, na sauti yangu ikaondolewa kwenye kila bangili nchini. Obadia aliupata ujumbe wangu akiwa juu ya mnara, mwenzake alipopigiwa simu na mkewe aliyeusikia kwenye bangili yake. Hakurudi siku mbili, alilala kambini huko huko vilimani. Alipopiga simu alisema neno moja tu, "Umemuuza," akakata.

Siku ya kuzaliwa ya Tirza ilikuja, ikapita. Nilimpikia maandazi. Wiki ya tano Yusto akaniletea habari nyumbani, kwa sababu alijua hakuna mwingine angenipa: upimaji wa mkoa umekwisha, na katika kila elfu moja waliopimwa upya, waliokutwa na tatizo ni sitini na wanane. Vitanda vyote vimejaa, wanapanga foleni. Nilifurahi kwa ajili yao, na nilimwonea wivu kila mmoja wao, yote mawili kwa pamoja, na sitaona aibu kulisema.

6

Yusto aliniletea na kitu kingine, kitabu cha mafunzo cha zamani, cha kabla ya mbegu, kurasa zimeliwa na mende. Njia ya zamani huchukua miaka, na huenda ikampa mtoto nusu tu ya kile ambacho mbegu ingempa. Mazoezi yake ni ya kila siku, ya kuchosha. Ila sharti la kwanza limeandikwa kwa herufi nzito: ile sauti ambayo mtoto anaiegemea iondolewe. Miezi ya mwanzo, akiwapo mtu mwingine wa kusema naye, mwenye sauti hiyo anyamaze.

Obadia alikisoma mara mbili, amekaa kizingitini na mkoba wake wa kambini miguuni, bado hajaufungua tangu zile siku mbili. Alikuwa amerudi kwa ajili ya Tirza, na hakunificha hilo. "Utaweza?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa kwamba sijui.

Tulianza Jumamosi, saa nne asubuhi. Mimi nilikaa kwenye mkeka nachambua mboga, redio ikiongea kando kama kitabu kilivyoagiza. Obadia akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Tirza, niletee kikombe."

Tirza akatabasamu, akanigeukia. Nikaendelea na mboga.

"Tirza. Niletee kikombe."

"Mama, baba anasemaje?"

Majani yalinidondoka, nikayaokota moja moja. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Ijumaa ile ya chumba cha magodoro ilikuwa mchezo.

"Mama! Mama, baba anasemaje?" Akaja akanivuta mkono. Akanipiga pajani kwa ngumi zake ndogo, akaanza kulia, na mimi nilibana midomo mpaka nikaonja damu. Alinitazama kwa hofu ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Alingoja. Nami sikusema.

Akamgeukia baba yake, machozi na kamasi vikimtiririka, akaninyooshea kidole. Hakuniagiza nimwambie. Alimpelekea maneno yake mwenyewe, kwa hasira zote za miaka saba.

"Baba! Mama hataki kusema!"

Obadia alinitupia jicho, lenye maji, kisha akaketi sakafuni kabisa, uso wake karibu na wa mtoto.

"Nimesikia," akasema.

Tirza akamtazama mdomo.

"Nimesikia."

Tirza akaacha kulia. Akanyoosha mikono yote miwili, akamshika baba yake mashavu, akasubiri aseme tena.